Mwenye Nyumba Wangu ni Mlowezi

Ihanda, Karagwe

Mama yangu,

Shikamoo. Na wewe Zuhura unayemsomea, marahaba kabla hata hujaniamkia, na tafadhali soma yote, usiruke panapokuchosha kama ulivyozoea. Kwanza naulizia goti la Mama. Ile dawa ya kuchua imesaidia, au bado anaamka amelishika? Na machungwa mwaka huu yamekubali? Mimi huku ni mzima kabisa. Ukiniona utasema Hemedi amevimba mashavu. Ni ndizi, Mama. Ndizi mchana, ndizi usiku, na ukila wali peke yake watu wanakuonea huruma, wanakuuliza chakula utakula saa ngapi.

Katika barua yako ya mwisho uliniuliza nitaitwa mgeni wa watu mpaka lini, na kama si bora nirudi Muheza nikashonee watu wanaojua jina la babu yangu. Sikukujibu upesi kwa sababu swali liliniuma. Sasa nina jibu, lakini siyo la mstari mmoja, kwa hiyo Zuhura avute kigoda.

Unakumbuka nilikwambia kwamba cherehani yangu iko barazani kwa Bibi Verediana, yule mjane Mlutheri, na kwamba nimepanga vyumba vyake vya mbele. Hapa tunamwita Bibi Veredi. Ananitunza kama umemtuma wewe. Mwezi wa Ramadhani uji wa kufuturia unakuwa mezani kabla adhana haijaisha, na anagomba nisipoumaliza. Wanawe wa kike wameolewa, mmoja Rugera na mwingine Bweranyange, kwa hiyo ugomvi wake wote ameniachia mimi.

Huku kuna desturi moja ambayo lazima uielewe ndipo barua hii ikuingie. Kahawa hawainywi sana, wanaitafuna. Wanachemsha punje pamoja na majani yenye harufu nzuri, wanazikausha, halafu zinawekwa kwenye kikapu kidogo kilichosukwa. Watu wakija nyumbani, mwenyeji anakitoa na mgeni ndiye anayepewa kwanza. Basi kwa Bibi Veredi, kila walipokusanyika watu, hata wangekuja wazee wenye mvi, kikapu kilianzia kwangu. Miaka yote niliyokaa. Mara ya kwanza nilifurahi kwa heshima ile. Baadaye, Mama, nilianza kukiogopa kikapu chenyewe, maana kilikuwa kinanikumbusha kwamba bado sijafika.

Sasa sikia yaliyotokea. Mwenyekiti wa kitongoji alipita nyumba kwa nyumba akitangaza kwamba watu wa Uhamiaji watakuja kuorodhesha walowezi na wageni wote, na kila mtu afike ofisi ya kijiji. Mimi niliendelea na pindo la gauni la mwanakwaya, sikujali. Bibi Veredi aliingia ndani, na chakula chake jioni ile kikapoa bila kuguswa. Nilipomuuliza kama anaumwa, aliniambia jambo ambalo sikuwahi kuliota.

"Mwanangu, mimi si mzaliwa wa hapa. Baba alitoka Rwanda, ng'ambo ya Mto Kagera, akaja kufanya vibarua kwenye kahawa za watu. Alinivusha nimekaa mabegani mwake. Nikakua hapa, nikaolewa hapa na Petro wangu, kaburi lake liko pale migombani. Karatasi ya nchi yoyote sijapata kuwa nayo."

Nilicheka kwa mshangao. Bibi huyu ndiye anayeitwa kila penye harusi aje kuonyesha mambo yanavyofanywa! Ndiye anayenisahihisha Kinyambo changu, lugha ya wenyeji wa huku! Yeye hakucheka. Aliniambia anachoogopa ni kimoja tu, kuvushwa mto uzeeni. "Nyumba nitaiacha. Lakini Petro nani atamfyekea majani? Na mimi nitalazwa kando ya nani?" Mama, nilienda kumchemshia chai, nayo ikawa chungu kwa sababu nilisahau sukari.

Habari ya hofu ya Bibi ilienea. Jirani yetu Ta Rwegasira (huku wanaume wazima huitwa Ta na wanawake Ma, kwa heshima), mzee wa Kinyambo mwenye sauti ya kengele, alikuja akamwambia Bibi asiseme neno mkutanoni, amwachie yeye. Alipoondoka akaja Ma Leokadia wa ng'ambo ya barabara, Mkatoliki, mcheshi lakini mkali. Naye akamwambia asiseme neno, amwachie yeye. Hawa wawili hawasalimiani tangu mbuzi wa mzee alipokula maharage ya mama huyu, kwa hiyo hakuna aliyejua mwenzake amepanga nini. Ta Rwegasira alitaka hata mimi niseme kwamba Bibi ni shangazi yangu. Nikamwambia, mzee, nani ataamini, kwa lafudhi hii ya Muheza?

Siku ya mkutano uwanja ulijaa, hata bodaboda walizima pikipiki zao. Afisa alikuwa kijana mwenye miwani, mtaratibu, anayesema kama mwalimu. Alieleza kwamba mlowezi ni mtu aliyeingia nchini zamani kutafuta maisha, akakaa, akazaa, bila kufuata taratibu za uraia. Ta Rwegasira akanyoosha fimbo.

"Walowezi si wale Wazungu wa kwenye redio, wanaopora mashamba ya watu? Hapa nani kapora shamba?"

"Redio ina walowezi wake, mzee, na sisi tuna wetu," afisa akajibu. "Kwetu neno hili si tusi. Mkimbizi ni yule aliyekimbia hatari akapokelewa kwa hifadhi. Mhamiaji haramu anakaa kinyume cha sheria. Mlowezi tunataka tumjue tu, ili naye awe na karatasi yake." Kisha akauliza, "Haya, katika kitongoji hiki nani si wa hapa?"

Mama, vidole vyote vilinielekea mimi. Vyote! Wanawake, wazee, hata mteja ambaye suruali yake nilikuwa nimeimaliza asubuhi ileile. Afisa akaniita mbele, akaniuliza nimetoka nchi gani. Nikasema Muheza, mkoa wa Tanga, nikatoa kitambulisho. Akakitazama, akanirudishia, akasema, "Wewe kakae, wewe ni raia."

"Raia, lakini hajui hata kumenya ndizi," akasema Ma Leokadia, na uwanja ukacheka. Nilirudi kukaa masikio yakiwaka moto. Nilijiambia, Hemedi, kumbe Mama alisema kweli.

Kicheko hakijaisha, afisa akamtazama Bibi Veredi aliyekaa mbele kwenye mkeka. "Na bibi huyu?"

Hapo ndipo wale wawili waliposimama kwa pamoja. Ta Rwegasira akanguruma, "Huyo ni dada yangu, baba mmoja, kazaliwa Rugera!" Na papo hapo Ma Leokadia akapaza sauti, "Huyo ni mama yangu mdogo, kazaliwa Bweranyange kwa bibi yangu!"

Afisa akaweka kalamu chini. Akawatazama, akasema polepole, "Kama ni dada yako wewe, na ni mama mdogo wa huyu, basi ninyi wawili ni mtu na mjomba wake." Ma Leokadia akamtazama Ta Rwegasira, na Ta Rwegasira akamtazama Ma Leokadia. "Mawe!" akasema mama yule, ndiyo "mama wee" ya huku, akajishika mdomo. Kwa sababu ya mapenzi yao walikuwa wamempa bibi mmoja vijiji viwili vya kuzaliwa na wao wakapata undugu ambao hakuna aliyeutaka. Ningecheka, lakini afisa hakuwa anacheka tena.

"Nikiandika maneno haya, kisha yaonekane ya uongo," alisema, "bibi huyu atahesabika kuwa amejificha. Hapo jina lake litakuwa mhamiaji haramu, na mimi sitaweza tena kumsaidia."

Bibi Veredi aliweka mkono mmoja chini, akajiinua, akatengeneza kanga yake begani. Alisema yote aliyoniambia mimi: mto, mabega ya baba yake, vibarua vya kahawa, Petro. Hakulia wala hakuomba huruma. Mwisho akasema, "Hawa majirani wamesema uongo kwa kunipenda, usiwaandike. Niandike mimi. Kama mimi ni mlowezi, niandike mlowezi, ila nikae hapa."

Afisa akauliza nani anaweza kuthibitisha kwamba mama huyu amekaa hapa miaka hiyo yote. Ta Rwegasira akasimama tena, safari hii sauti imeshuka. Akasema alikuwa mtoto siku Bibi anaolewa, na kwamba alikula matoke ya harusi mpaka akabebwa kurudishwa kwao. Afisa akaandika. Akamweleza Bibi kwamba mume wake angalikuwa hai, yeye angeweza kuombewa uraia kama mke wa raia, lakini wakati ule umepita. Sasa aandikishwe mlowezi kwanza apate kibali cha kuishi, kisha aombe uraia wa tajnisi kama wanavyoomba wengine waliokaa muda mrefu. Jibu la huko juu hawezi kuliahidi. Lakini kuvushwa mto, alisema, hakuna anayekuja kumvusha mtu aliyejiandikisha.

Tulingoja miezi. Bibi alifyeka kaburi la mumewe mpaka likawa jeupe, nadhani alikuwa anamweleza habari. Halafu wiki iliyopita aliitwa Kayanga, makao ya wilaya, nikampeleka mwenyewe, akarudi na kibali chenye picha ambayo anasema si yake kwa sababu imemzeesha. Ombi la uraia nalo limepokelewa, tunasubiri. Kwa sheria yeye bado si raia. Lakini usiku analala usingizi nyumbani kwake, na sasa anatania: "Mlowezi anataka chumvi, nani aende dukani?" Anayekwenda ni mimi.

Jioni ya siku tuliyorudi Kayanga majirani walijaa barazani. Ta Rwegasira alikuja na mkungu wa ndizi, Ma Leokadia akamwamkia, "Shikamoo, mjomba," na mzee akaitikia bila kutaka. Bibi alitoka na kikapu cha kahawa. Nikakaa vizuri kwenye kigoda changu, nikakinga mkono kama kawaida.

Akanipita. Mama, nilibaki nimekinga mkono mtupu. Kisha akageuka, akaniwekea kikapu chote mapajani.

"Mbona umekaa? Nyumba ina wageni. Wape watu kahawa."

Nikasimama, nikaanza kwa Ta Rwegasira, nikamalizia kwa vijana wa bodaboda waliosimama nje. Kikapu kilinirudia kitupu, na hakuna aliyeona kwamba mimi sijapata hata punje moja. Sijawahi kufurahi hivyo kwa kukosa kitu. Ndiyo jibu la swali lako.

Mnisalimie Baba Mdogo anayetengeneza baiskeli, mwambieni tairi nzuri huku zinapatikana. Msalimieni Shangazi Mkunde, na mwalimu wangu wa madrasa ikiwa bado ananikumbuka kwa mema. Zuhura, wewe salamu zako ni kitenge nilichofunga pamoja na barua hii. Mshono nitakushonea mwenyewe, usikipeleke kwa yule fundi wa sokoni. Punje za kahawa zilizo kwenye kifuko ni za Mama, atafune polepole.

Bibi Veredi amekaa hapa kando yangu, ameniambia nikuandikie neno lake kama alivyolisema. Anasema goti likipona uje Ihanda uone kwako. Kahawa ya kwanza kikapuni ni yako, maana mgeni sasa umebaki wewe.

Mwanao anayekupenda,
Hemedi