Wingu Mahali pa Mama

Dada yangu mpendwa,

Pokea salamu nyingi, wewe na shemeji na wanao, wajomba zangu wawili. Natumaini goti lako limepoa na ngazi unazipanda bila kulalamika. Mimi mzima, ila nimekonda kidogo, na usianze kunisema.

Kazi ni ileile, studio ya picha za pasipoti. Kutwa nawaambia watu wainue kidevu na wasicheke, na wanaondoka bila kuniuliza naitwa nani. Jioni napika chakula cha mtu mmoja, nakula nimesimama. Kisha napanda juu ya paa na kamera yangu.

Najua utasema bado sijaacha ujinga. Lakini dada, kamera hiihii ya kawaida inaona yasiyoonekana kwa macho! Chini ya zile nyota tatu zilizojipanga kuna wingu la gesi. Picha moja haioneshi kitu, na ukiiacha lenzi wazi kwa muda nyota zinageuka michirizi kwa sababu dunia inazunguka. Basi unapiga mia tatu, za sekunde mbilimbili, halafu kompyuta inazilaza moja juu ya nyingine, na wingu linajitokeza lenyewe, rangi ya waridi. Mara ya kwanza nililia. Nikageuka nimwoneshe mtu, hakuna mtu.

Mama alipokuja kunitembelea alipanda mpaka paani, akatazama weee, mwisho akasema wenzangu wanatafuta mke, mimi natafuta moshi. Akaniita Bwana Moshi wiki nzima. Nilimpiga picha arobaini na moja: akimenya viazi, akisinzia kitini, akinifukuza na mwiko.

Ndizo unazoniomba tangu msiba, upate moja ya kutundika sebuleni. Kila mara nakujibu kwamba ziko, nitatuma. Nimekudanganya, dada. Hazipo.

Usiku wake wa mwisho hapa, anga lilitakata baada ya siku tano za mvua, na kadi ya kamera ilikuwa imejaa, picha zake humohumo na za anga za siku za nyuma. Nikajisemea mama yupo, nitampiga tena asubuhi. Nikafuta zote. Yeye alikuwa amelala chumbani kwangu, ngazi kumi na mbili tu chini yangu. Asubuhi betri ilikuwa imekwisha, nikaiacha kamera kwenye chaji, nikamsindikiza kituoni mikono mitupu. Hakurudi tena. Fundi wa kompyuta ameniambia nilishapiga mia tatu juu ya zile zake, hakuna cha kurudisha. Na lile wingu, dada, lingekuwepo hata kesho yake. Mpaka leo lipo.

Ndani ya bahasha kuna picha ya wingu, ndiyo ya usiku ule. Itundike au ichane, sitauliza.

Wabusu wajomba zangu, na shemeji mpe mkono wangu. Ila nijibu, tafadhali, hata kama ni matusi matupu kurasa nne. Tangu mama aende hakuna anayenigombeza.

Mdogo wako,
Bwana Moshi