Miwani Kwenye Debe la Mchele

Wanangu,

Chai iko kwenye ~~jokofu~~ chupa. Mvua ikianza, anueni nguo.

Nimekwenda hospitali kutia sahihi fomu ya lile jaribio la dawa ya ugonjwa wa kusahau. Ndiyo, najua naweza kupewa kidonge kitupu kisicho na dawa. Daktari kanieleza mara tatu, nikaandika. Asubuhi mlisema sijui ninachotaka, eti kwa sababu nilimwita kaka yenu kwa jina la marehemu baba yenu. Kwani hawafanani?

Na miwani mliyonificha nisisome fomu, nimeikuta kwenye debe la mchele. Humo ndimo nilimokuwa nikiwaficha peremende mlipokuwa wadogo. Mlidhani na hilo nimelisahau?

Msinifuate, niko na shangazi yenu. ~~Nitapika nikirudi.~~ Pikeni wenyewe. Mchele mnajua ulipo.

Mama yenu