Nilisimama Ndani ya Boti

Baba,

Nimekasirika, na kwa kuwa wewe ndiye uliyekuwa ukinisikiliza mpaka mwisho bila kuniambia nipunguze sauti, nakuandikia wewe.

Jumamosi akina mama wa kanisa tulienda safari. Ile ile uliyoniahidi tungeenda mimi na wewe majani ya chai yakipungua shambani. Ulikufa kabla hayajapungua, Baba, na hilo bado sijakusamehe. Asubuhi tulizunguka mbugani kwa gari, tukaona vifaru na twiga, nikafurahi, sikatai. Mchana tukapelekwa ziwani, tukavishwa maboya, tukapanda boti. Tulipowapita viboko, nikawaona kong'ony, wale korongo wetu, kwenye matete, taji zao za dhahabu zikiwaka, mmoja amelalia mayai. Ndege wa ukoo wetu!

Wewe ulinifundisha kwamba hao ni watu wetu, na kwamba hawasalimiwi mtu akiwa amekaa. Kila asubuhi, kabla ya kuchuma chai, uliteremka hadi kwenye kinamasi cha bondeni, ukavua kofia, ukawaambia "Chamgei" kama unavyomsalimu jirani. Basi nami nikasimama. Ndani ya boti, Baba! Boti ikayumba, akina mama wakapiga mayowe, dereva akanifokea, "Mama, kaa chini! Unataka tuzame?"

Nikakaa. Halafu yeye akageuza boti, akasema, "Toeni simu, niwarushe hao ndege mpige picha." Akaivurumisha moja kwa moja kwenye matete. Kong'ony wakaruka wakilia, mawimbi yakafunika kiota, na watu wakapiga makofi. Makofi! Nilimwambia yule dereva maneno ambayo mama wa kanisa hasemi, na sijutii hata moja.

Nilidhani hasira yangu yote ni yake. Lakini leo nimekuja Kimulot kumsalimia kaka yangu Kibet, nikakuta amechimba mtaro wa kukausha kinamasi chako. Kimebaki kipande kidogo tu mtaro ufike mtoni. Miche ya mikaratusi imepangwa pembeni, ikikua atakiuzia kiwanda cha chai kuni. Na kong'ony wamo mle mle, Baba, wanalea makinda ambayo hayajajua kuruka. Nilipomuuliza, alinijibu bila hata kuweka jembe chini, "Wewe uliolewa Londiani. Maneno ya shamba wachia sisi. Na Baba hayuko."

Hayuko! Kama kwamba uliwalinda ndege wale kwa kuwa tu ulikuwa hai shambani. Yule wa boti hakujua anachofanya. Kibet anajua. Utotoni alikuwa akishikilia mkono wako ulipokuwa ukiwasalimu, na hilo ndilo linalonichoma.

Kesho asubuhi anakuja na vijana kumalizia mtaro. Mimi nitatangulia. Kofia yako ilikuwa imening'inia kwenye msumari nyumbani kwake, nikaondoka nayo bila kuomba. Nitaivaa hadi bondeni, nitaivua, nitawasalimia watu wetu kwa niaba yako. Kisha nitasimama kwenye kile kipande kilichobaki, na Kibet akitaka kuchimba, aanze kuniondoa mimi.

Pumzika, Baba. Nakuahidi, safari hii sikai.

Binti yako,
Chebet