Kamba Imekuja Bila Mbuzi

Leki, mudogo yangu Albertina,

Jambo sana, jambo ya kutoka huku ku mto Tshopo mpaka kwako Basoko. Umeamuka muzima? Na mugongo, ile inakukamata ukivuta nyavu, ilipona? Mimi niko, goti tu njo inagombana na mimi. Mujukuu yetu Bibiche anaandika; kama neno iko mubaya, ni yake.

Bon. Umefungua mufuko, umeona kamba, mbuzi hapana. Usigombeze mutu wa boti, hakumukula.

Ulinipatia ile mbuzi ukasema: "Yaya, siku goti itakatala kwenda kukata majani, umurudishe." Goti ikakatala. Nikamufunga kamba, nikalia kidogo. Siku ile ile Bibiche anarudi kutoka ku université na ndoo ya mavi ya ngombe.

Ananiambia mimi, bibi yake: "Koko, hii njo chakula ya mbuzi."

"Huko ku masomo wanawafundisha kutukana?"

Anacheka. Bibiche, andika, usiruke! Eti ngombe hamalizi majani. Kambakamba ya majani inabakia ndani ya mavi, nguvu ingali ndani, lakini imefungwa. Unaosha na maji mingi, unalowesha na soude, inalegea, tumbo inaweza kuivunja. Soude, Albertina! Ile ya kupika sabuni!

"Unataka mbuzi atoe povu?"

"Tunasuuza sana, Koko, tunaanika ku jua."

Tukafanya. Mbuzi akanusa, akatugeuzia matako.

Alafu nikakumbuka mama. Unakumbuka Kongo ya sika, ile majani inaelea ku mto? Tulikuwa tunaichoma, tunachuja majivu, tunapata mungwa, chumvi ya kupikia. Na ile maji ilikuwa inakula vidole yetu sawa soude! Nikauliza: "Maji ya majivu haiwezi?" Bibiche akaenda kuitoa ku mto, tukaichoma.

Tukalowesha kambakamba mu ile maji siku mbili, tukaanika, tukachanganya na maganda ya muhogo. Mbuzi akalamba sababu ya mungwa, akakula, akalamba mpaka beseni.

Sasa kila asubuhi tunainama wawili nyuma yake, tunapasua mavi yake na kijiti. Kambakamba haionekani. Imeenda wapi? Bibiche anasema tungoje, tupime kwanza kama ananenepa. Apime. Lakini mimi kamba nilishafungua.

Salimia bwana yako, na mukwe yako mwenye kuzaa juzi. Huku Kongo ya sika iko kidogo. Kwenu inafunga njia ya mitumbwi. Choma, jaza majivu mu mufuko, funga na ile kamba, utume.

Yaya yako Veronika. Nimetia kidole pahali ya saini, ukinusa karatasi, ni majivu.