Kitone Kimoja Kwenye Kopo la Baruti

Baba,

Shikamoo. Nakuandikia Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, kama ulivyokuwa ukiandika wewe, maana zile za kizungu hukuzipenda, ulisema zinatembea kinyumenyume. Ila safari hii nimetia irabu zote, kila fataha na kila kasra, na kila p nimeipa vitone vyake vitatu. Utaona kwa nini.

Mama hajambo. Eda aliimaliza salama, na sasa anakwenda tena soko la wanawake la Jumatano, anarudi na udi ambao hauhitaji. Barabara ya nyuma ya nyumba imetiwa lami. Jirani yetu bado anapiga honi mbele ya geti badala ya kushuka kugonga, na mimi bado simpendi. Chumba chako cha kazi kimefungwa. Polisi walichukua mtambo wa kushindilia, mizani, makopo yote, hata kile kibali chako kilichokuwa ukutani, pakabaki mraba mweupe. Hilo la polisi ndilo ninalotaka kukueleza, nami nalizunguka tangu mwaka jana.

Mwanao Nassor, kaka yangu, hana mkono wa kulia, Baba. Nimekwisha kusema.

Ngoja nianze unapopajua. Unakumbuka nilivyokuwa nikikaa juu ya lile sanduku la mbao, miguu haigusi chini, wewe umevaa miwani yako miwili kwa pamoja? Watu walikuletea maganda ya risasi yaliyokwisha kupigwa, ukayasafisha, ukatia fataki mpya, baruti, na risasi juu yake. Wanawake wengine walifundishwa na baba zao kusoma kaswida. Mimi nilifundishwa kuchagua baruti. Ulinipa vipande viwili kwenye kiganja, kimoja baruti ya bunduki, kimoja ya bastola, ukaniuliza ipi ni ipi. Nikikosea hunikaripii, unanyanyua nyusi tu. "Mtutu mfupi hauna subira, mwanangu," ukaniambia. Bunduki inataka moto wa gogo, unaoshika taratibu na kusukuma njia nzima. Bastola inataka moto wa makuti, mara moja umekwisha. Ukibadilisha, ama risasi inakwenda kichovu, ama chuma kinapasuka mkononi mwa mtu. Nassor hayo hakuyajua. Yeye alipenda kupiga tu, na wewe hukumlazimisha kukaa chumbani.

Na ulinifundisha harufu. Baruti nzima inanukia spiriti, kama duka la dawa. Iliyooza inanuka siki, na ukitazama vizuri ina vumbi jekundu kama kutu. Ulisema nina pua ya bibi yako aliyebaki Unguja mlipohamia huku Omani, ndipo ukaniita Pua. Siku ya kwanza uliponiandikia jina hilo juu ya daftari, nikiwa na miaka saba, nilisoma "Bua" nikalia, kwa nini Baba ananiita bua la mtama. Ulicheka mpaka ukakohoa. Kiarabu hakina p, ukanieleza, wazee wetu wanaandika ba na kuacha msomaji atumie akili. Tangu siku ile kila p yako ilikuwa na vitone vitatu, kwa ajili yangu.

Mpaka mkono wako ulipoanza kutetemeka.

Ulipokufa hakuna aliyeniomba kitu chochote tena isipokuwa chai. Miezi sita, Baba, nachemsha chai. Halafu Nassor akaja kutoka kazini kwake Nizwa, siku mbili kabla ya Idi Kubwa, na bastola yako ambayo alikuwa ameiandikisha kwa jina lake. Akasimama mlangoni mwa jiko, akasema, "Zuwena, tutengenezee chache tu za shabaha, wallahi, kama za mzee." Kibali kilikuwa chako na kilikufa pamoja nawe, nilijua. Nikafurahi hivyo hivyo. Nikafungua chumba.

Makopo ya baruti ya bastola yalikuwa mawili. La rafu ya juu lilibakia vumbi tu. La pili lilikuwa chini, karibu na mlango, na juu yake karatasi yenye mwandiko wako wa mwisho mwisho, ule uliolegea. Mim, ba, ye, alif. Ba ina kitone kimoja, irabu hakuna. Nikasoma: mpya. Nikasema Mungu amrehemu Baba, alininunulia mpya kabla hajaondoka, na mkono wake ulishindwa vitone. Sikujiuliza kwa nini kopo jipya likae mahali ulipokuwa ukiweka vitu vya kutupwa.

Nilishindilia asubuhi nzima. Nilijiona mtu.

Siku ya pili ya Idi wakaenda wadini, kule bonde kavu, yeye na watoto wa ami, wakapanga makopo ya maziwa juu ya jiwe. Mtoto wa ami Khalfan ndiye aliyenisimulia. Mara tatu bastola ililia sawasawa. Mara ya nne ikatoa mlio mdogo, kama mtu kapasua karanga. Wote wakacheka. Nassor akasema, "Hii imekula nini?" akavuta tena. Ulikuwa ukiniambia mlio mdogo ni wa kuogopwa kuliko mkubwa: weka chini, fungua, tazama ndani ya mtutu kama risasi imekwama. Uliniambia mimi, Baba. Na mimi nilikuwa nyumbani napanga visahani vya halwa.

Bastola ilipasuka. Walimpeleka hospitali, na siku ya tatu wakamkata chini ya kiwiko.

Kabla polisi hawajafika nilichukua lile kopo nikalimwaga chini ya mlimau, kama ulivyokuwa ukifanya na baruti zilizoharibika, maana ulisema miti inazipenda. Karatasi niliibandua nikaitia ndani ya kitabu. Sikujua naficha nini, nilijua naficha. Walipouliza nani aliyetengeneza zile risasi, Nassor akajibu kitandani, na dawa ya usingizi bado inamzunguka kichwani, kwamba ni yeye mwenyewe. Waliandika. Ameitwa kituoni mara nyingi, na hajabadilisha neno. Kwa watu anasema, "Yakhe, bastola ya mzee ilikuwa imechoka." Anakulinda wewe na ananilinda mimi, wala hajui ananilinda na nini.

Kazini walimrudisha, anajifunza kuandika kwa mkono wa kushoto kama mtoto wa darasa la kwanza. Hilo analiweza. Asiloliweza ni sinia. Hakai tena na watu, Baba. Idi hii iliyopita watoto wa ami wote walizunguka wali na nyama ya shuwa, ile ya kufukia shimoni, yeye akasema ameshiba, akaenda kula ndani ya gari lake, vioo vimefungwa, kwa mkono wa kushoto, asionekane. Nilimwona kupitia dirisha la jiko. Mama anajua na yeye. Anamwekea sahani pembeni.

Na mlimau umezaa! Haujapata kuzaa hivi tangu uupande. Wageni wanausifu. Mama anatengeneza achari mtungi baada ya mtungi, na Nassor ndiye anayeipenda kuliko wote.

Mwezi uliopita karatasi ile ilidondoka kitabuni, Mama akaiokota. Akaisoma papo hapo, hakukunja hata uso: "Mbaya. Kitu gani kibaya?" Nikamwambia mafuta ya zamani ya mashine. Akanirudishia akaendelea kuchambua mchele. Miaka arobaini amesoma mwandiko wako. Herufi zile zile nne, Baba. Ukitia fataha moja juu ya ba, ni mbaya. Ukitia vitone viwili zaidi chini yake, ni mpya. Hukutia chochote.

Nilikukasirikia. Nisamehe. Nilikuwa nikisali na huku nakugombeza, kwamba mtu aliyepima baruti kwa chembe ameshindwa kuweka kistari kimoja. Nilijifariji hivyo muda mrefu, kuwa kosa ni la kalamu yako na mimi nilisoma tu.

Sasa nakwambia ambalo sijamwambia mtu.

Nilinusa. Nilipofungua kopo nilinusa kama ulivyonifundisha, na lilinuka siki. Asubuhi ile nilikuwa nimekata ndimu za achari, nikajiambia ni mikono yangu. Basi nikaenda nikanawa kwa sabuni, mara mbili, mpaka viwiko. Nikarudi nikanusa tena. Siki ile ile. Nikasimama na kopo mkononi nikaitazama karatasi, nikaona mwandiko wako, nikasema mimi ni nani nimbishie Baba. Hicho ndicho nilichokifanya. Uliniachia pua na uliniachia karatasi, na nilichagua karatasi kwa sababu nilitaka uwe bado unanielekeza. Nilitaka kidogo tu niwe na wewe mule chumbani.

Kwa hiyo si kitone.

Kesho ni Alhamisi. Nassor atatoka Nizwa baada ya adhuhuri, atafika na njaa. Nitamwita chumbani kwako, kabla ya chakula, nitamwonyesha karatasi, na nitamwambia kuhusu kunawa mikono. Akitaka kwenda polisi kufuta maneno yake, nitakaa kiti cha mbele ndani ya gari lake na nitasema mwenyewe. Namwogopa. Siogopi akigomba, naogopa atasema "maktub, khalas", imeandikwa, basi, haraka haraka, halafu asinitazame usoni maisha. Hata hivyo nitamwambia. Na akikubali, nitaweka sinia moja, nitakaa upande wake wa kulia, ule mtupu, na watu wakija na wakodoe macho wanavyotaka. Asipokubali, nitakaa papo hapo na sinia itapoa.

Mlimau sijui niufanye nini. Nimefikiria shoka. Mama hatanielewa, na mti haukukosa.

Hii ni ahadi, Baba, na wewe ni shahidi: sitasoma tena neno lako kwa namna ninayopenda mimi. Mungu alitie nuru kaburi lako, na akuongezee huko pumzi uliyoipungukiwa hapa. Usinijibu. Nimezoea kukutafutia majibu, na ndiko kulikotufikisha hapa.

Ni mimi binti yako,

Pua. Kwa vitone vitatu, nimevihesabu.