Dalali wa Mbuzi Anaujua Wimbo Wangu

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako, lakini kwanza una makosa na lazima nikwambie. Juma lililopita ulimjibu mama mmoja wa Takaba kwamba bibi asitie mkono kwenye masomo ya mjukuu, amwachie mwalimu. Mwalimu ndiye aliyembeba mgongoni? Mwalimu ndiye aliyeuza mbuzi ili mtoto aende shule? Mwanamke mzima wewe, ukaandika hivyo gazetini na jina lako juu! Ona aibu kidogo, halafu kaa chini unisikilize, maana mimi nimetia mkono kwenye masomo ya mjukuu wangu mpaka kwenye kiwiko, na mambo yalikuwa mazuri, walaahi mazuri kuliko Idd, mpaka juzi yalipoharibika.

Mimi ni Rukiyo wa Bulla Iftin, Garissa. Usiniandike "Bibi Mwenye Mawazo" kama unavyowaandika wengine, jina langu ninalo. Kusoma nilisoma ngumbaru uzeeni, na barua hii naiandika kwa mkono wangu mwenyewe, kwa hiyo ukikuta kosa, ruka, endelea mbele.

Mjukuu wangu ni msichana, anaitwa Idman, anasoma chuo Nairobi, kazi ya kupiga picha za video, na ili amalize lazima atengeneze video ya wimbo mmoja, lakini mwalimu wake amesema kabla ya kushika kamera afanye utafiti, muziki ni wa aina gani, nani anausikiliza, wapi, na kwa nini, basi akaja nyumbani likizo na kamera ya chuo kubwa kama kichwa cha ndama akaniambia mimi bibi yake, "Ayeyo, nitafanya wale vijana wa kinanda wa Eastleigh." Nikamwambia, naa, kinanda? Kile kinachojipigia ngoma chenyewe bila mtu kutoka jasho? Fanya buraanbur!

Wewe Bi Lul unaijua, lakini wasomaji wako wa Nakuru hawaijui, kwa hiyo nawaambia: buraanbur ni ya wanawake, ya arusi, mmoja anatoa beti kutoka kichwani mwake, wengine wanapiga makofi, ngoma inalia, wawili wanaingia katikati wanacheza mpaka vumbi linapanda na mitandio inarushwa juu, na mwanaume haingii. Ndani ya ua ni sisi tu. Ndiyo maana tunasema yote.

Idman akakubali, macho yakamwaka, tukaanza kuzunguka pamoja, mimi mbele yeye nyuma, kuuliza wasikilizaji ni nani. Wauza maziwa wakasema ni sisi wanawake. Washona nguo wakasema ni sisi wanawake. Wanaume je? Wakacheka, mmoja akasema wanaume hawajui hata inaanzia wapi. Mimi nikaona kazi imekwisha, lakini Idman akasema mwalimu atamuuliza kama na wanaume wenyewe wameulizwa, nikamwambia utachosha miguu bure, lakini haya, twende.

Tukaenda soko la mifugo, tukamkuta Olow, dalali wa mbuzi, mzee wa rika langu, mdomo wake unaweza kukuuzia mbuzi aliyekufa akakwambia amelala tu. Idman akamuuliza kwa adabu, "Adeer, wewe unasikiliza buraanbur?"

"Mimi? Hayo ni mambo ya wanawake. Niulize bei ya mbuzi."

Idman akawasha redio yake ya kaseti ili mzee ajue anaulizwa nini. Sauti ilikuwa yangu, ubeti niliotunga siku ya arusi ya dada yangu nikiwa na meno yote, na sasa nimeuimba tena kwa ajili ya mtoto. Kwa Kiswahili ni kama hivi: Msihesabu ngamia mlioleta... Hapo betri zikaisha, sauti ikawa nzito, ikazama, ikafa. Na Olow, mkono wake uko mgongoni mwa mbuzi anapapasa mafuta, hata kichwa hakuinua, akamalizia: ...hesabuni usiku aliokesha mama yake. Na madalali wawili nyuma yake wakapiga makofi, pale pale makofi yanapotakiwa!

Tukamgeukia wote. Nafikiri hata mbuzi.

"Waryaa, Olow! Umeusikia wapi huo?"

"Rukiyo, ua ni wa miti. Si wa chuma."

"Na mlikuwa mnafanya nini kwenye ua wetu?"

"Tunangoja nyama. Nyama inachelewa, masikio hayana kazi."

"Unajua huo mmoja tu?"

"Nazijua zote. Hata ule wa arusi ya Kotile, uliporuka mstari."

"Sikuruka! Niliupumzisha!"

Wakacheka soko zima. Idman alikuwa anarukaruka kama mwanambuzi, "Ayeyo, tumepata! Video ndiyo hii! Ndani wanawake wanaimba, nje wanaume wanajifanya wanaangalia mawingu!" Na mimi, mshauri, nikwambie ukweli, nilirudi nyumbani natembea kama msichana. Miaka yote nilidhani beti zangu zinabaki ndani ya ua pamoja na vumbi, kumbe ziko sokoni, zinatembea na mbuzi, zimekwenda huko machinjioni na wapi sijui. Sikushika chakula siku ile kwa furaha.

Tukapanga. Kuna arusi ya binti wa jirani mwezi ujao, na wanawake walikuwa wamekubali Idman awapige picha, kamera ashike yeye mwenyewe, aonyeshe miguu na mikono na mitandio, nyuso hapana. Mimi nikakimbia kwa Maryan kumwambia habari ya Olow. Maryan ndiye mpiga ngoma wetu, hakuna mkono kama wake kutoka hapa mpaka Buna. Akanipa ile chai yake, tamu mpaka kijiko kinasimama, nikamsimulia huku nacheka machozi yanatoka. Yeye hacheki. Akaweka kikombe chini.

"Walaal, unasema wanasikia?"

"Kila neno!"

"Na Kulow?"

Kulow ni mume wake. Hapo ndipo nikakumbuka. Zamani Maryan alitoa ubeti wa mume anayeficha sukari ndani ya mto kisha analala juu yake, na tulicheka siku ile mpaka tukashikilia miti ya ua tusianguke. Basi Maryan akasimama, akaifunga ngoma ndani ya blanketi, akaisukuma chini ya kitanda, akasema hataipiga kwenye arusi hii wala nyingine. Kabla jua halijatua wanawake wote wamejua, kila mmoja ameshika kichwa anakumbuka aliimba nini juu ya nani, huyu nyumba inayovuja, yule viatu alivyonyimwa, na mama wa bibi arusi amenijia analia, kwa sababu arusi bila buraanbur ni kula wali na kurudi nyumbani.

Mimi nikarudi naye kwa Maryan nikasema Idman amezua. Nikasema ni mambo ya chuo, mtoto alimpa Olow yale maneno ayaseme ili video ipendeze. Sikusema kwa ubaya, nilitaka kuwatuliza, nilitaka ngoma itoke chini ya kitanda. Ngoma haikutoka. Na Idman alikuwa amesimama mlangoni, amesikia yote.

"Ayeyo, umenifanya mwongo mbele ya watu niliokuwa nawauliza. Sasa nani ataniambia kitu?"

Tangu hapo ananisalimia kama mgeni. Anasema anarudi Nairobi kwa wale vijana wa kinanda. Sasa niambie, nimwombe amtoe Olow kwenye video ili Maryan atulie? Au ninyamaze tu mpaka yapite? Kumwomba Maryan msamaha siwezi, mimi ndiye niliyemfundisha kushika ngoma. Jibu haraka, arusi haikungoji wewe, na usinijibu kama ulivyomjibu yule wa Takaba.

Rukiyo, Bulla Iftin, Garissa

BI LUL ANAJIBU

Ayeyo Rukiyo, ya Takaba nimeyapokea, tutagombana siku nyingine. Leo ni yako.

Ulidanganya. Usiniandikie "kutuliza". Msichana alitumwa kuuliza watu, akauliza, akarudi na kitu ambacho hata wewe mwenye beti hukukijua. Wewe ukakichukua, ukacheka nacho mtaani, na kilipoanza kuwaka moto ukamtupia yeye mikononi. Angefanyiwa hivyo mjukuu wa jirani yako, ungeniandikia kurasa ngapi za matusi?

Lakini furaha uliyotoka nayo sokoni ni halali yako, na simwachii mtu akunyang'anye. Pale kwa Olow nimesoma mara mbili, nikacheka mpaka mhariri akaja kuchungulia. Wako watu wanatunga maisha yao yote na hawajui maneno yao yalifika wapi. Wewe umejua ungali hai, tena umekosolewa hata kwa mstari ulioruka. Ndiyo, Ayeyo, uliruka.

Sasa Maryan. Usifikiri anaona aibu mbele ya wanaume wote wa Garissa. Ni mmoja tu, yule anayekula naye sinia moja. Hebu soma barua yako mwenyewe. Umesema chai ya Maryan ni tamu mpaka kijiko kinasimama. Hiyo sukari ilitoka wapi? Ilitoka kwenye mto! Bila shaka Kulow alikuwa nje ya ua anangoja nyama, akasikia, akaenda nyumbani akafungua mto wake, na mpaka leo hajasema neno, maana akisema atakuwa amekiri alikuwa pale. Mwulize na mwanamke aliyeimba kwamba nyumba yake inavuja, kama haikuezekwa upya kabla ya zile mvua za El Nino. Mwulize aliyeimba juu ya viatu. Mmekuwa mkidhani mnacheka tu, kumbe mnasikilizwa na mnatendewa! Idman ameshajua nani anasikia. Bado hajauliza, akishasikia, anafanya nini. Akiliuliza hilo, mwalimu wake atasimama kwenye kiti, na mimi nitasafiri kuja kuiona hiyo video kwa macho yangu.

Kwa hiyo Olow asitolewe. Lakini ua ni wa wanawake, si wako peke yako, wala si wa Idman. Walikubali kamera kabla hawajajua habari za wanaume, kwa hiyo waulizwe upya. Asiyetaka akae upande ambao kamera haielekei, na asilaumiwe. Ubeti wowote unaomtaja mume wa mtu usirekodiwe bila ruhusa ya aliyeuimba. Olow na wenzake nao waambiwe wazi kwamba wanapigwa picha, wasiviziwe. Na kanda ikishakamilika, kabla haijapanda basi kwenda Nairobi, wanawake waitazame kwanza, wao peke yao, mlango umefungwa. Watakaposema hapa pafutwe, pafutwe, hata kama ndipo pazuri zaidi. Idman atanuna. Anune.

Unasema huwezi kumwomba msamaha uliyemfundisha ngoma. Nani alikwambia Maryan ndiye wa kwanza? Wa kwanza ni Idman, na si jikoni mkiwa wawili. Uongo uliusema mbele ya Maryan na mama wa bibi arusi, basi utaufuta mbele yao hao hao. Kiburi chako nakijua kwa mwandiko tu. Kibebe, nenda nacho, lakini nenda.

Kunja gazeti hili sasa. Mwite Idman aache kupanga begi, muongozane mpaka kwa Maryan leo leo, na mama wa bibi arusi apitiwe njiani. Mkishakaa sema hivi: "Idman alisema kweli, mimi ndiye niliyezua." Hayo tu. Usiweke "lakini" mbele wala nyuma. Halafu Maryan atataka kujua Olow alisema nini hasa, na Kulow je, na wengine je. Atakayemjibu ni Idman. Wewe, Ayeyo, unyamaze mpaka amalize.