Pembe Ile Msiifumue

Kamunyonge, Musoma

Shemeji Nyamburi,

Salamu zikufikie hapo Butiama, wewe na mama na wote wa nyumba. Nauliza magoti yako yanaendeleaje na huu ubaridi. Nauliza mama kama anakula. Nauliza mwanao Diana na kachanga kake. Mimi nipo. Naamka, naenda kubeba zege, narudi. Kusema mzima siwezi, kusema mgonjwa siwezi. Nipo tu.

Utashangaa mimi kuandika. Juzi ulipiga simu ukasema Diana amejifungua msichana na mmempa jina la Wegesa, mke wangu. Nikaweka simu chini kwenye mkeka. Ukasema haloo, haloo, huu mtandao wa Musoma. Haikuwa mtandao, shemeji. Ndio maana naandika. Shule niliishia darasa la nne, mwandiko wangu unaujua, vumilia.

Ulisema kwenu mtoto akipewa jina la marehemu, siku ya kumtoa nje anafunikwa kitu marehemu alichofanya kwa mkono wake. Ukasema kuna shali ya njano mdogo wako alikuwa anaifuma, niitume. Ni kweli shali ipo. Nimempa Mwikwabe, yule tunabeba naye zege, anakuja kuona kwao. Lakini usifungue mfuko kwanza. Soma barua mpaka mwisho ndio ufungue. Nakuomba.

Nikwambie nyumba ilivyo. Imekuwa mbaya. Ugali wa mhogo mpaka leo napika wa watu wawili, mkono hauelewi. Unaobaki nawapa kuku wa jirani yangu Euphrasia. Juzi akaniambia Mugeta, kuku wangu wamenenepa kuliko wewe, nikikuchinja wewe sipati hata mchuzi. Alitaka nicheke. Nikacheka kidogo ili aende zake.

Wegesa alikaaga pale mlangoni kwa ndani, kwenye mkeka, anafuma. Nikirudi kazini nilikuwaga nasikia sindano zake kabla sijafungua mlango. Zinagongana polepole. Mpaka sasa nikifika pale nasimama. Nasikiliza. Halafu nafungua naingia. Sindano zipo kwenye kopo lake juu ya kabati, hazina wa kuzigonganisha.

Unakumbuka kiharusi kilimpata siku ametoka Bunda kununua uzi. Mkono wa kulia ukafa, mdomo ukaenda upande. Mfuko wa uzi ulikaa kwenye kona hivyo hivyo, umefungwa. Alikuwa anautazama. Mtu akija kumwona, anatazama mfuko. Nikimlisha, anatazama mfuko. Hakuwa analia. Bora angelia.

Siku moja akaniita nikae karibu. Akabana sindano moja kwapani, upande ule mbovu, nyingine akanipa mimi nishike. Nikacheka. Yeye hakucheka. Nikamwambia mama, hii mikono ni ya sepetu. Akasema, kwa ule mdomo wake wa upande, mbona ng'ombe wa huko Bunda wamefundishwa kuvuta jembe, na wewe utafundishika. Basi tukaanza. Ingiza, zungusha, toa. Ingiza, zungusha, toa. Uzi ulikuwa unanasa kwenye nyufa za vidole vyangu, saruji imevila. Akawa ananipaka mafuta ya kupikia kila nikinawa. Kitanzi kikinitoka kinashuka mpaka chini, na yeye ananitukana mimi na ukoo wetu wote wa Bukima. Shemeji, tulicheka sana kipindi kile. Watu walidhani kwetu kuna msiba wa muda mrefu, kumbe tunacheka.

Mlango tulifunga. Mwanaume kufuma, hapa mtaani wangenimaliza. Mwikwabe alikuta kipande cha uzi kimenasa kwenye kucha yangu akauliza siku hizi nafuga kondoo. Nikamwambia ndio, mmoja, ana maneno mengi.

Ikafika nikawa nafuma sindano zote mbili mwenyewe, yeye anatazama. Anasema hapo kaza, hapo legeza. Soksi za watoto, kofia, sweta. Watu wakaja kuchukua wakasema asante Mungu, Wegesa mkono umerudi. Yeye mkono kaulaza chini ya kanga. Wakiondoka ananifinya na ule mzima.

Sasa shemeji, siku ya mazishi kule Bukima ulivaa sweta ya zambarau. Uliishika hapa kifuani ukawaambia watu huu ni mkono wa mdogo wangu, hata mgonjwa alinikumbuka. Ukalia na wote wakalia. Ile sweta nimeifuma mimi. Kukukumbuka alikukumbuka kweli, rangi alichagua yeye, na kipimo cha mabega alinipa kwa kichwa bila kukuona. Lakini mkono ni wangu. Na kofia ya mama mkwe ni mimi. Nilitaka kusema palepale kaburini, nikaona nitakuvua nguo mbele za watu. Nimenyamaza mpaka hii barua.

Halafu kuna hili lingine, na ndilo linanimaliza.

Shali hii tuliianza bila mwenye kuagiza. Aliitaka yeye. Mchana nikiwa kazini alikuwa anajaribu mwenyewe, sindano moja kwapani, mkono wa kushoto unahangaika. Jioni nakuta mistari yake. Mibovu. Vitanzi vingine vikubwa kama vya kufungia mbuzi, vingine vimebana, vingine vimetoka. Nikamwambia umejitahidi mama. Akilala kidogo, nafumua alichofanya, nafuma upya kiwe kizuri. Akiamka anakuta shali imenyooka. Hasemi kitu. Nikajua anafurahi. Nilifanyaga hivyo kila siku na nikajiona mume mwema.

Jioni moja nimenawa, nimekaa, nimeshika ule mstari wake nianze kuvuta. Hakuwa amelala. Akasema acha. Nikamwambia si nakurekebishia. Akasema Mugeta, mchana kutwa nahangaika hapa nijue bado nipo, na wewe kila ukirudi unanifuta. Alisema taratibu, hakugomba. Hakula jioni ile. Mimi pia sikula.

Kuanzia hapo nikaacha. Akawa anafuma pembe yake, mimi sigusi. Aliifuma mpaka asubuhi aliyokufa. Euphrasia alipotuma mtu aniite kazini, nilimkuta kwenye mkeka, shali iko mapajani, sindano bado iko kwapani. Mimi ndiye niliyeitoa. Nikafunga vitanzi visitoke. Hicho tu ndicho nilichofanya kwenye pembe ile.

Kwa hiyo ukifungua mfuko utaona shali nzuri, imenyooka. Hiyo ni mimi. Halafu utafika kwenye pembe moja utaona aibu. Imejikunja, ina matundu unaweza kupitisha kidole, inaonekana kama kazi ya mtoto. Huyo ndiye mdogo wako. Hakuna kingine. Nimepekua nyumba nzima, kabati, chini ya kitanda, mpaka stoo ya mkaa. Vya zamani viliuzwa, vingine tulimzika navyo. Vyote alivyofuma akiwa mgonjwa nilivifumua kwa mikono yangu hii. Uzi wake nikaufuma upya, ukawa wangu.

Euphrasia aliiona shali siku ile namfungia Mwikwabe. Akasema hii pembe imeharibika, niachie niifumue nimalizie vizuri, usiaibike kwa wakwe. Ni mwema, hakujua. Nilimnyang'anya kwa nguvu mpaka akaogopa. Nikamwomba msamaha baadaye. Na huko kwenu najua kina mama watasema vilevile. Watasema masikini Wegesa, mwishoni alichoka, tumrekebishie. Shemeji, usikubali. Simama hapo. Kama lazima mkate kitu, kateni upande mzuri. Upande mzuri ni wangu na mimi bado nipo, ingawa sijui nipo kwa ajili gani.

Na siku ya kumtoa mtoto nje, pembe ile ndio imguse. Usoni au miguuni, mtajua nyinyi. Ila iwe ile.

Nilifikiri nisiitoe hii shali. Nilifikiri niseme imeibiwa. Wiki nzima niliifunga na kuifungua. Nimeituma kwa sababu yeye alianza kuifuma bila mtu wa kuivaa, na sasa mtu amekuja na jina lake. Lakini mimi kufuma nimeacha. Watu wanajua aliyekuwa anafuma amekufa, hawaleti tena kazi. Hata wangeleta. Nilijaribu kushika sindano, nikasikia ingiza, zungusha, toa, nikazirudisha kwenye kopo.

Kitu kimoja nakuomba, wewe na Diana. Watoto wachanga wanakojoa, wanatapika, ndio kazi yao. Shali itachakaa. Siku mtakapoona haifai tena, msiitupe na msiifanye tambara la jikoni. Nirudishie. Hata ikiwa imechanika, hata ikinuka. Ile pembe tu inatosha.

Mama msomee au usimsomee, utaona moyo wake. Kofia yake aendelee kuivaa, upepo wa huko ni mkali. Msalimie Diana, mwambie hongera. Huyo mdogo mwiteni kwa jina lake kamili, msilifupishe.

Mwikwabe mpeni hata uji, hakutaka nauli.

Ni mimi shemeji yako,
Mugeta